Mashimo Arobaini na Moja

(Maneno haya yalisemwa na wanakikundi wa upande wa Makueni mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Kitui na Makueni. Wengi waliomba yaandikwe, na tumeyaacha karibu vile yalivyosemwa.)



Tulipoalikwa tuliambiwa tuseme juu ya mradi uliofaulu. Lakini habari ya mbuzi wetu mmeisikia mara mbili, na mbuzi wenyewe mmewaona. Leo tunataka kusema juu ya kazi iliyotutia aibu. Tumesikia ya kwamba watu wenye mashine za kutafuta vyuma ardhini wameanza kuonekana upande wenu pia, wakiuliza watoto ni wapi palikuwa na boma la zamani. Sisi walituuliza mwaka 2019. Tukawaonyesha.

Kikundi chetu kina watu 24, akina mama 17 na wanaume 7. Ni mwethya kama mwethya wenu: mitaro shambani, mbuzi, na akiba ya kila wiki. Mwaka huo tulikuwa tumeweka shilingi 12,000 za kununua mifereji ya paa la shule, ili maji ya mvua ya Novemba yaingie kwenye tangi badala ya kumwagika chini na kuchimba makorongo. Mshike hesabu hiyo, tutairudia.

Karibu na kijiji chetu pana mahame. Ni mahali palipokuwa na watu na sasa hapana mtu. Wazee wanasema familia za hapo zilitawanyika wakati wa ile njaa kubwa ya Ngomanisye, mwaka 1898 na 1899, mvua ilipokosa, na ndui ikaja juu ya njaa. Wengine walikufa, wengine walikwenda kwa wajomba na hawakurudi. Nyumba za nyasi hazingoji mtu. Zilianguka, mchwa wakala fito. Kilichobaki ni mawe ya kusagia, mafiga, mawe yaliyoinua ghala kutoka ardhini, na ule mti wa mumo uliosimama karibu na thome, pale wanaume walipoota moto jioni. Tena kuna duara moja pana ambapo mvua ikinyesha nyasi hutangulia kuwa kijani. Hapo palikuwa na zizi. Samadi ya ng'ombe waliokufa zaidi ya miaka mia iliyopita bado inalisha nyasi. Sisi tulilima kando ya duara hilo miaka yote na hatukuwahi kujiuliza kwa nini mahindi ya hapo yanashinda ya kwingine.

Basi, akaja mtu. Alivaa vizuri, alisema kwa upole, na alikuwa na mashine yenye mpini mrefu na duara mbele kama sinia. Vijana wanaiita ditekta. Alituambia ya kwamba chini ya mahame yetu kuna mali ya misafara.

Tuseme ukweli, mtu yule hakuwa mjinga wa historia, na ndiyo sababu tulimwamini. Ni kweli Wakamba walikuwa wafanyabiashara wakubwa. Karne ya kumi na tisa misafara ya mamia ya watu ilitoka huku na pembe za ndovu mpaka Mombasa, ikarudi na nguo, shanga, na nyaya za shaba. Huko Kitui kwenu alikuwako Kivoi, tajiri wa misafara, ambaye mwaka 1849 alimpokea Krapf, yule mmisionari Mjerumani. Ni kutoka Kitui, tarehe 3 Desemba mwaka huo, Krapf aliuona mlima wenye theluji ambao jina lake, kwa vile alivyolisikia kwa Wakamba, likawa jina la nchi yetu. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana, Krapf akiwa safarini pamoja naye. Boma la mtu kama huyo lilikuwa na vitu, hatukatai. Na huku kwetu Makueni, Waskoti walijenga kituo cha misheni Kibwezi mwaka 1891, wakakihamisha kwenda Kikuyu mwaka 1898 kwa sababu ya homa. Kule Nzaui misheni ya Waamerika ilianza mwaka 1895, na mwanzilishi wake, Peter Cameron Scott, alifia huko Desemba ya mwaka uliofuata. Ikutha walikuwako Walutheri wa Ujerumani. Nchi hii imejaa mahali palipohamwa, pa wenyeji na pa wageni.

Kwa hivyo yule mtu alipanga maneno yake hivi: misafara ilikuwa kweli, kwa hiyo mali ni kweli, kwa hiyo iko hapa, kwa hiyo leteni pesa ya kukodi mashine. Ukisikiliza haraka huoni pale aliporuka. Sisi hatukuona. Akataka shilingi 12,000 kwa siku mbili. Mpaka leo tunajiuliza nani alimwambia hesabu ya akiba yetu.

Mweka hazina wetu alikataa. Tuliandika jina lake katika kitabu cha mkutano kama mtu anayezuia maendeleo. Liko hapo mpaka sasa, na yeye hataki tulifute. Anasema likae.

Siku mbili tulichimba mashimo 41. Mashine ikilia, tunachimba. Ikilia tena, tunachimba. Furaha ilikuwa kubwa, tusidanganyane. Hata akina mama wazee walikuja kukaa chini ya mumo kutazama. Tulitoa vizibo vya chupa, mkebe wa samaki, misumari, kipande cha jembe, skurubu ya baiskeli, na waya wa senyenge. Halafu tukatoa kichwa cha mshale, kimeliwa na kutu. Halafu sarafu mbili za senti kumi zenye tundu katikati, na rupia moja nyeusi. Mwisho wa siku ya pili, mahali palipokuwa na nyumba, mashine ililia kidogo sana, na kijana mmoja akatoa mkufu mwembamba wa shaba, pete ndani ya pete, umekunjamana kama nyoka aliyelala. Tulinyamaza wote. Vidole gani viliweza kusuka kitu kidogo hivyo?

Shimo la arobaini na moja lilitoa mfupa. Hapo mzee mmoja alisimama, akachukua fimbo yake, akaenda nyumbani bila kusema neno. Tulifukia upesi na kazi ikafa yenyewe.

Yule mtu alichukua rupia na mkufu akawaonyeshe wataalamu Nairobi. Alituachia senti kumi na mshale. Simu yake ililia wiki moja, halafu haikulia tena. Novemba mvua ilikuja, na maji ya paa la shule yakamwagika chini kama mwaka uliotangulia.

Sasa hapa wengi hucheka na kusema, mlitapeliwa, poleni, mmejifunza. Ndiyo, tulitapeliwa. Lakini pesa si ndiyo hasara kubwa, na tutafika huko. Kwanza tueleze mashine na sarafu, kwa sababu mtu akielewa hayo mawili hadanganyiki rahisi.

Mashine ile haijui dhahabu. Ndani ya lile sinia kuna waya uliozungushwa, na umeme wa betri ukipita humo unatuma nguvu ya sumaku ardhini. Ikikuta metali, metali inajibu, na mashine inalia. Ni hayo tu. Mashine nzuri hubahatisha aina ya metali, lakini kizibo na sarafu mara nyingi vinalia karibu sawa. Kitu kidogo kama sarafu inakisikia kina cha shibiri moja, au zaidi kidogo. Mtu akikuambia mashine yake imeona sanduku futi ishirini chini, mwambie akuonyeshe kwanza kijiko ulichofukia wewe mwenyewe futi tatu.

Na sarafu. Kabla ya shilingi, nchi hii ilitumia rupia ya India. Babu zetu waliuza mbuzi ili wapate rupia za kodi ya nyumba. Mwaka 1920 rupia iliondolewa ikaja florini, na mwaka uliofuata shilingi. Rupia ile ina uzito wa gramu 11 na zaidi, na karibu yote ni fedha. Ina thamani, lakini ni thamani ya kununua kuku kadhaa, si ya kununua matatu. Shilingi ya wakoloni ya tangu 1921 mpaka 1946 ni robo tu fedha. Ukiyeyusha moja unapata kama gramu mbili. Na ile senti kumi yenye tundu haina fedha hata chembe. Zilitengenezwa nyingi mno, ndiyo maana kila nyumba ina moja kwenye kiondo cha bibi. Wanaosema senti ya mwaka fulani inanunuliwa kwa mamilioni, waulizeni kwa nini wanataka nyinyi mtoe pesa kwanza.

Uwongo wa namna hii una ndugu wengi. Jirani zetu Watanzania wamechimba sana kutafuta mali iliyofichwa na Wajerumani katika vita vya 1914 hadi 1918. Na kuna punje ya kweli: mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu kule Tabora, zenye picha ya ndovu. Punje hiyo moja imezaa mashimo mengi. Hata Saudi Arabia, mwaka 2009, watu walinunua cherehani kuukuu za Singer kwa bei ya kutisha kwa sababu ya uvumi kwamba ndani kuna zebaki nyekundu. Kwa hivyo si sisi wa vijijini peke yetu. Wenye mafuta pia walinunua cherehani.

Tuje kwenye hasara yenyewe.

Katika kikundi chetu kuna mama mmoja mjane, jina lake hatutalitaja. Shamba lake linapakana na mahame. Miaka mingi familia nyingine imedai ya kwamba mpaka si pale anaposema yeye. Mwaka 2021 wazee wa koo mbili walikaa kusikiliza. Mjane akasema, babu wa mume wangu aliishi hapa, hii ilikuwa musyi wake. Nyumba ya mke wa kwanza hapa, ya pili pale, ghala nyuma, zizi chini, na mlango ulielekea kule. Aliyasema yote kama mtu anayesoma. Alifundishwa na mama mkwe wake, ambaye naye alifundishwa. Upande wa pili wakasema babu yake alikuwa mpita njia tu.

Wazee wakasema vizuri, twende tuone. Mafiga yatasema. Mawe ya ghala yatasema. Majivu yatasema, kwa maana mpita njia haachi majivu ya kina cha mkono.

Tukaenda. Jamani, tulitembea nyuma ya wale wazee kama watoto wanaopelekwa kwa mwalimu mkuu. Mafiga tulikuwa tumeyang'oa kwa sababu mashine ililia chini yake. Mawe ya ghala tuliyarundika kando ili tupate nafasi, na baadaye mtu alichukua mawili akajengea choo. Majivu tulikuwa tumeyachanganya na udongo mwekundu katika mashimo 41. Mzee mmoja aliinama, akashika udongo, akauliza, "Ni nani alilima hapa?" Mjane alijibu mwenyewe. Alisema, "Ni sisi." Na yeye alikuwa amechanga kama wengine.

Na ule mkufu wa shaba? Mjane alikuwa ameambiwa ya kwamba mke wa kwanza alizikwa na mapambo yake. Kama ulikuwa wenyewe, ulikuwa shahidi wa nyumba ile, umelala mahali pake miaka yote hiyo. Ukiwa ardhini unasema nani aliishi hapa na alifanya biashara na nani. Ukiwa mfukoni mwa mtu Nairobi ni waya tu. Sisi tuliona chuma ndiyo mali na udongo ndiyo takataka ya kuondoa, kumbe mambo yote yalikuwa katika vile kitu kilivyolala ndani ya udongo.

Tulipata aibu ya kutosha kutufanya tuulize. Tukaambiwa na wanaojua ya kwamba iko sheria, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Kutafuta vitu vya kale kwa kuchimba bila leseni ni kosa. Kitu kilichotengenezwa hapa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895 ni cha kale kwa sheria, na kikiwa kimelala ardhini ni mali ya serikali, si ya mwenye mashine wala ya mwenye shamba. Mtu akikiona kwa bahati, tuseme analima au anachimba msingi, ana siku saba za kutoa habari kwa Makumbusho na kusema ni wapi hasa na kilionekanaje. Mnaona? Hata sheria inauliza mahali kabla ya kuuliza bei.

Kijana mmoja hapa mbele anatikisa kichwa. Tunajua unachofikiri: serikali ichukue, sisi tupate nini? Swali lako ni halali. Vitu vya wazee wetu vimechukuliwa sana. Miaka michache iliyopita watafiti walihesabu vitu vya Kenya vilivyo katika makumbusho ya nje, wakafika zaidi ya 32,000, na hayo ni makumbusho 30 tu. Ndugu zetu Wamijikenda waliibiwa vigango vya wafu wao, vikauzwa mpaka Marekani, na vichache vimerudi baada ya kazi ya miaka. Lakini angalia vilitokaje. Mara nyingi kijana wa hapo hapo alilipwa kidogo kuonyesha njia. Tulipotoa rupia na mkufu tulikuwa tunafanya kazi ya kijana huyo, na sisi hatukulipwa, tulilipa.

Jambo jingine, nalo ni la hatari. Chuma usichokijua usikigonge. Kule Archer's Post na Dol Dol, palipofanyiwa mazoezi ya kijeshi, watu na watoto waliuawa na wengine kukatwa viungo na mabomu yaliyolala ardhini, na mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia. Wafanyabiashara wa vyuma vikuukuu hununua kwa kilo na hawaulizi. Mtoto akileta kitu kizito chenye umbo la chupa, mwambieni akuonyeshe kilikotoka kwa kidole, na mkawaite polisi.

Tunachofanya sasa ni kidogo. Tulinunua daftari la kurasa 200. Kila mwezi, baada ya mkutano, watu wanne wanakwenda na mzee mmoja mahali palipohamwa, hawachukui jembe. Mzee anasema, mwandishi anaandika: thome ilikuwa wapi, maji yalichotwa wapi, nani aliolewa kutoka wapi. Tunapima kwa hatua kutoka kwenye mti au mwamba usiohama. Ithembo hatuingii, tunaandika tu kwamba iko. Katika mahali pa tatu tulikuta mavi ya chuma, yale mabonge meusi mepesi, na vipande vya udongo vilivyoungua vyenye tundu, midomo ya mivukuto. Mzee akatuambia wafua chuma walikusanya mchanga mweusi wa mtoni baada ya mvua, wakauyeyusha kwa makaa. Sisi tunaokota mchanga huo huo kujenga mabwawa na hatukujua ni chuma. Tuliacha kila bonge pale lilipo. Mahali pa tano tulijifunza palipokuwa na kisima cha kiangazi, tukachimba hapo, nje ya boma, na tumepata maji mwezi wa Agosti. Hilo tunalisema polepole, tusije tukaonekana tunajisifu tena.

Mifereji ya shule tulinunua mwaka 2022.

Kesi ya mjane haijakwisha. Wazee walisema ushahidi wa mawe umeharibika, kwa hiyo watasikiliza ushahidi wa walioharibu. Tumeitwa sote 24 tuseme, shimo kwa shimo, jiwe gani lilikuwa wapi kabla hatujaligusa. Tumekaa jioni nyingi na daftari tukikumbuka. Mawe kumi na moja tumekubaliana. Matatu, yale ya karibu na mpaka, kila mtu anayaweka mahali pake.